Mteja akiuliza "kamera gani?": je, DSLR imekwisha kazi harusini?

Kibokoni35
Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Siku hizi mwenye harusi akipiga simu, kabla hajauliza bei wala hajaomba kuona albamu, swali lake la kwanza ni: "Kamera yako ni hizi mpya zisizo na kioo, ama ni zile za zamani?" Ukitaja DSLR, yaani hizo za zamani zenye kioo ndani, mazungumzo yamekwisha. Je, ni haki? Na kijana anayeanza leo hapa Mombasa, mwenye pesa za bodi moja (kamera bila lenzi) na lenzi mbili, anunue kamera mpya isiyo na kioo yenye sensa (sehemu inayopokea mwanga) ndogo ya APS-C, ama DSLR ya mtumba yenye sensa kubwa? Kazi yenyewe mwaijua: nikahi msikitini, kupamba ukumbini usiku, na picha za jua kuzama baharini.

BahariaLikoni
Si haki hata kidogo. Kioo kazi yake ni kumwonyesha mpigaji kile lenzi inachokiona. Shata, pazia lililo mbele ya sensa, ikifunguka, kioo kimeshainuka na mwanga umekwenda moja kwa moja kwenye sensa. DSLR za Canon, 6D na 5D Mark III, zilitoka 2012, Nikon D750 ikatoka 2014, na zote tatu zina sensa ya milimita 36 kwa 24. APS-C ya Nikon ama Sony ni kama 23.5 kwa 15.6, yaani eneo lake halifiki hata nusu. Ukumbini usiku, kwenye ISO 3200, yaani usikivu wa sensa umepandishwa, tofauti hiyo inaonekana kwa macho.

Kijana achukue 6D na lenzi za 50mm f/1.8 na 85mm f/1.8. Fokasi yake ya katikati inashika hata gizani, ina sehemu mbili za kadi, na betri moja inapiga picha kama elfu moja. EOS RP, isiyo na kioo, imepimwa picha 250 kwa chaji. Harusi inayoanza alasiri ikaisha saa sita usiku itakula betri ngapi?

Tena, jua la Mombasa halizami baharini. Bahari yetu iko mashariki. Jioni jua linatua nyuma ya minazi, na hiyo ndiyo raha yake: linawapiga maharusi usoni kwa upole huku bahari iko nyuma yao. Anayetaka jua juu ya maji aamke alfajiri.

FundiTudor
Narekebisha moja kabla halijamponza mtu: 6D ina sehemu MOJA ya kadi. Zenye mbili ni 5D Mark III, ya CF na ya SD (aina mbili za kadi), na D750, SD zote mbili. Kadi ikifa usiku wa harusi hakuna wa kurudia nikahi.

Kwa anayenunua mtumba, fanya hivi mbele ya muuzaji. Weka tundu la lenzi dogo, f/16, piga ukuta mweupe ama mbingu tupu, kisha kuza picha utafute madoa meusi, hayo ni mafuta na vumbi juu ya sensa. Toa lenzi, fungua tundu lote, mulika tochi ya simu upande wa nyuma utazame kwa mbele: utando kama wa buibui ni kuvu, na kwa unyevu wa pwani hiyo haitakaa ilipo, itaenea. Uliza idadi ya shata, yaani picha ilizokwisha kupiga. 6D imetengenezewa kama 100,000, 5D Mark III na D750 kama 150,000. Kwa 5D chungulia ndani ya tundu la CF, pini moja ikipinda hiyo sehemu haifanyi kazi. Angalia chuma cha kushikia flashi: chenye kutu ya kijani kimekaa na chumvi.

Na ukishanunua, hifadhi kwenye kopo lisiloingiza hewa pamoja na vifuko vya silika na kipima unyevu kidogo, usomaji ubaki asilimia 40 hadi 50. Mchele usitie. Unga wake unaingia kwenye pete za lenzi.

MwanaKisauni
Mwasema sensa, mwasema kuvu. Semeni na hili: hizo DSLR zenu ndizo zinazowatoa maharusi wetu weusi kama makaa, na bwana harusi kanzu yake nyeupe inatoka rangi ya jivu. Simu ya mfukoni inatoa uso vizuri kuliko nyinyi. Picha ya simu ya megapikseli 12 ni nukta 4032 kwa 3024. Ukichapisha kwa nukta 300 kwa inchi unapata kama sentimita 34 kwa 26, zaidi ya A4. Albamu za watu wengi hazizidi hapo. Mteja analipia nini?

BahariaLikoni
Yakhe, ulichokieleza ni kosa la mpigaji, na umelieleza vizuri bila kujua. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha asilimia 18. Kanzu nyeupe ikijaa kwenye fremu, kamera hushtuka na kupunguza mwanga mpaka kanzu iwe kijivu. Jivu lako ndilo hilo. Uso ulioko juu ya kanzu hiyo nao unashuka gizani. Dawa ni fidia ya mwanga: ongeza stopu +2/3 hadi +1 (stopu moja ni mwanga mara mbili). Buibui likijaa kwenye fremu mambo hugeuka: kamera huongeza mwanga ili weusi uwe kijivu, na uso unaungua, yaani mwanga unauzidi. Hapo unateremsha −2/3 hadi −1. DSLR, isiyo na kioo, zote hupima hivyo. Usiisingizie kamera kosa la mkono.

UmmuShela
Kabla ya hesabu, ndugu Kisauni, hilo neno "makaa" liondoe. Maharusi wetu si makaa. Ni weusi, na weusi wao ndio unaotakiwa uonekane.

Na wewe kaka Baharia, hesabu yako ni sawa ila umeikatiza njiani. Kwenye picha ya pamoja kuna kanzu na buibui fremu moja, utaongeza ama utapunguza? Hapo fidia haisaidii. Unakwenda hali ya manual, unapanga mwanga mwenyewe, na unapima uso peke yake kwa kipimo cha nukta. Ngozi nyeusi ina giza kuliko kile kijivu, kwa hivyo kipimo kikikwambia "sawa" unateremsha kama stopu moja, la sivyo unampausha. Ngozi nyeupe unapandisha stopu moja. Halafu unatazama kanzu: ikimeta onyo la kuungua kwenye skrini, unateremsha thuluthi moja na kusimama hapo. RAW (faili ghafi la kamera) ya biti 14 itakuinulia kivuli, lakini kanzu iliyoungua hairudi.

NyaliKelvin
Naongeza rangi, kwa sababu nusu ya "makaa" anayoyaona Kisauni ni taa. Kumbi zetu zina taa za LED za zambarau na waridi juu ya jukwaa. Mwanga wa rangi kama huo hujaza chaneli moja ama mbili za sensa (nyekundu, kijani, buluu) na kuacha iliyobaki na njaa, na ngozi inatoka ya kijivu-zambarau ambayo RAW haiwezi kuiponya. Mweke bi harusi kwenye mwanga wako mwenyewe: flashi nje ya kamera, shata 1/160, f/4, ISO 800. Usiidundishe darini, maana dari limetandikwa vitambaa vya rangi na flashi itarudi na rangi ya kitambaa. Usipite kasi ya flashi ya kamera yako, 1/180 kwa 6D na 1/200 kwa 5D, la sivyo utapata utepe mweusi chini ya picha. Ukitaka taa za ukumbi zionekane nyuma, shuka hadi 1/60.

Na habari ya rangi ni ya zamani. Enzi za filamu, maabara zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa kizungu, zikaitwa kadi za Shirley. Uso mweusi haukuwa kipimo cha mtu yeyote. Kwa hivyo Kisauni hakosei kwamba sisi tulidhulumiwa, anakosea kudhani mdhalimu ni kioo cha DSLR.

MwanaKisauni
Neno nimeliondoa, dada Ummu, samahani. Lakini na nyinyi semeni ukweli wenu. Wapiga picha haohao ndio wanaowapaka maharusi weupe kwenye kompyuta mpaka shangazi zake hawamjui. Simu ina programu ya kulainisha uso, mnailaani. Nyinyi mnalainisha mkilipwa.

BahariaLikoni
Mteja ndiye anayeomba weupe. Ukikataa, anakwenda kwa mwingine.

UmmuShela
Hapo ndipo nakasirika, kaka. Mteja anaomba "nitoe nang'aa". Kung'aa si weupe. Kung'aa ni mwanga wa ubavuni unaoacha mng'aro kwenye shavu, na ngozi nyeusi inaupokea mng'aro huo kuliko ngozi yoyote. Weka mwavuli ama boksi la kulainisha mwanga kwa pembe ya digrii 45, mita moja na nusu kutoka usoni, na uzime flashi ya juu ya kamera inayomlaza uso kama sahani. Ukishafanya hivyo hakuna atakayekuomba weupe. Anayevuta mshale wa mwangaza kwenye kompyuta kwa ngozi peke yake anaacha mikono na shingo rangi nyingine, na hina na piko vinafifia mpaka kazi ya mpakaji aliyekaa saa tano inapotea. Hayo ni madhara kwa watu wawili.

NyaliKelvin
Kweli kabisa kuhusu piko. Mkiona piko imegeuka kijani, mizani ya rangi imeachwa otomatiki. Piga picha ya kadi ya kijivu mara moja kila mnapobadilisha chumba.

Kibokoni35
Jamani, niliuliza kuhusu bodi. Nikahi msikitini je? Wengi wanasema kamera isiyo na kioo hushinda hapo kwa sababu hailii.

FundiTudor
Hailii ukitumia shata ya kielektroniki, ile isiyo na pazia linalosogea, na hapo ndipo watu huumia. Umeme wetu ni wa 50 Hz, taa hupepesa mara 100 kwa sekunde. Sensa ya bei ya kati husoma picha polepole mstari kwa mstari, na ukiwa 1/250 chini ya taa hizo unapata mistari ya kulala ya giza na mwanga, mmoja chini ya mwingine. Kaa 1/100 ama 1/50. Taa za LED zinazofifizwa hupepesa kwa kasi nyingine, hapo hesabu hiyo haitoshi, rudi kwenye shata ya kimakanika. 5D Mark III na 6D nazo zina hali ya shata ya kimyakimya. Mlio haufi, ila unapungua sana.

Faida kubwa ya isiyo na kioo kwa anayeanza ni nyingine kabisa: unaona mwanga wa picha kwenye kitundu cha kutazamia kabla hujabonyeza. Kosa la kanzu na buibui analiona papo hapo.

Na lenzi zisisahaulike. Za EF, zile za DSLR za Canon, zinakaa kwenye bodi mpya za RF zisizo na kioo kwa adapta na fokasi yake yote. Za Nikon zile za zamani zinazozungushwa na mota ya bodi, kama 50mm f/1.8D, hazifanyi fokasi kwenye adapta ya FTZ ya Nikon zisizo na kioo, wala kwenye DSLR ndogo za D3500 na D5600. Kwa bodi hizo mbili nunua iliyoandikwa AF-S ama AF-P, yenye mota ndani yake.

MwanaKisauni
Na kupamba? Pale wanawake wamevua mabuibui, simu ndogo haimtishi mtu.

UmmuShela
Simu ndiyo inayotisha kuliko zote. Simu nyingi hupandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni zenyewe, mwenye simu hata hajui. Ikifutwa kwenye simu, ya juu huenda ingali ipo. Ndiyo maana kwenye kupamba simu zinakusanywa mlangoni. Na picha ya uso yenye mandhari yaliyofifizwa na simu inakata kingo za shela, lesi inatoka kama imeng'atwa.

Lakini kamera nayo ina mlango wa nyuma. D3500 na D5600 zikiwa zimeunganishwa na simu kwa SnapBridge, programu ya Nikon, zinaweza kutuma nakala za megapikseli 2 zenyewe. Kabla hujaingia ukumbini, washa hali ya ndege kwenye menyu ya kamera. Halafu kadi: kufomati hakufuti picha, kunafuta orodha tu, na programu ya kurejesha itazitoa zote mpaka nafasi ile iandikwe upya. Kadi za kupamba ziwe za kupamba pekee, zitiwe alama, wala zisiazimwe kwa mpiga picha wa upande wa wanaume. Ukishakabidhi kazi na mteja akathibitisha, fomati kadi, ijaze nzima kwa video ya ukuta, kisha ndipo ufomati tena. Mwenye harusi anayeuliza "kamera gani" angeuliza hili kwanza.

Kibokoni35
Basi yenye kadi mbili, ya pili niifanye nakala? Kwa 5D Mark III?

FundiTudor
Ndiyo, ila ujue sehemu yake ya SD haitumii kasi ya juu ya UHS-I, hata utie kadi ya bei gani. Ukiandika RAW kote mbili, bafa (kumbukumbu ya muda ya kamera) inajaa na kamera inakusimamisha wakati bwana harusi anaingia. RAW weka kwenye CF, JPEG kubwa kwenye SD. CF ukiitia usiisukume kwa nguvu, iache iingie yenyewe hadi uhisi pini, ndipo ubonyeze.

UmmuShela
Na JPEG hiyo nayo ni picha ya kupamba. SD hiyo itiwe alama vilevile.