Historia mbadala na ufashisti: lawama ya jamii nzima inaandikwaje?

Mchanja_Kuni
Wakuu, naomba mchango wenu. Rasimu iliyopo mezani ni riwaya ya historia mbadala: Berlin mwaka 1955, Wanazi bado wanatawala. Mhusika mkuu ni karani wa idara ya nyumba anayegawa fleti za Wayahudi "waliohamishiwa mashariki". Njia panda ni bomu la Georg Elser kule Munich, tarehe 8 Novemba 1939: katika riwaya linamuua Hitler, anayemrithi ana akili ya vita kumzidi, na Ujerumani haishindwi. Lengo ni kuonyesha jinsi jamii nzima ilivyoshiriki. Lakini sura tano za mwanzo zimetoka kinyume: wabaya wote wamevaa sare, raia wote ni wahanga. Kasoro iko wapi? Na mwishoni utawala uanguke au usianguke?

Bi_Kidawa
Kasoro iko kwenye njia panda yenyewe, ndugu yangu. Ulipoigeuza historia ndipo msomaji atakapomtafuta mwenye lawama. Elser alitenda peke yake, na Hitler alinusurika kwa kuwa alitoka ukumbini dakika 13 kabla ya mlipuko. Ukijenga dunia nzima juu ya dakika 13, raia hawana walichoamua. Yamewafika tu, kama mafuriko.

Tafuta njia panda iliyopita mikononi mwa wengi. Inayokufaa ni ya London, tarehe 26 hadi 28 Mei 1940. Baraza la vita la Uingereza lilikuwa na watu watano: Churchill, Chamberlain, Halifax, Attlee na Greenwood. Halifax, waziri wa mambo ya nje, alitaka wapime masharti ya amani na Hitler kupitia Italia, Churchill, waziri mkuu, akakataa. Mpe Halifax ushindi, kisha hesabu waliohitajika ili amani hiyo isimame: mawaziri wa kuikubali, wabunge wa kuipitisha, magazeti ya kuisifu, na mamilioni ya wazazi wa kushusha pumzi kwa kuwa watoto wao hawaendi tena vitani. Kila mmoja ana sababu inayoeleweka, na kila sababu inalipiwa na mtu mwingine huko Poland. Hapo Berlin yako ya 1955 inasimama bila muujiza, na lawama inavuka bahari.

Mwaka 1933 usiuguse. Katika uchaguzi wa Novemba 1932 Wanazi walipata asilimia 33.1 tu ya kura. Miezi michache baadaye, tarehe 23 Machi 1933, Bunge lilimpa Hitler mamlaka ya kutunga sheria bila Bunge, kwa kura 444 dhidi ya 94. Wote 94 walikuwa wa chama cha Social Democrats. Wabunge wa Kikomunisti walishakamatwa au kukimbia. Mpe karani wako mjomba aliyekuwamo kwenye wale 444, mtu mpole, mcha Mungu.

Karatasi_na_Wino
Naongezea upande wa karani, maana hapo ndipo penye utajiri. Katika *Fatherland* ya Robert Harris (1992), polisi anakuta picha ya familia ya Kiyahudi nyuma ya karatasi ya ukutani, kwenye nyumba anayoishi. Anaulizia walikokwenda, hapati jibu. Ni onyesho zuri sana. Lakini siri kuu ya riwaya ile imefungwa kwenye nyaraka za mkutano wa Wannsee wa 20 Januari 1942, ambapo maofisa 15 walipanga mauaji ya Wayahudi, na hivyo kuujua ukweli kunakuwa jambo la wachache.

Kihistoria haikuwa hivyo. Kabla ya kusafirishwa, Myahudi wa Berlin alijazishwa fomu ya kurasa 16 ya kuorodhesha mali yake. Akishaondoka anakuja mthamini wa ofisi ya fedha. Mwenye nyumba anadai kodi ya miezi ambayo fleti ilikaa imefungwa. Kampuni ya gesi inadai bili ya mwisho. Wapagazi wanabeba, dalali ananadi, jirani ananunua kabati. Andika sura nzima juu ya fleti moja tu, ukiifuata fomu hiyo mkono kwa mkono. Hakuna hata mmoja wao aliyeshika bunduki.

Halafu weka mtu anayekataa, na hapa wengi huharibu kwa kumpiga risasi kila mkataaji. Kule Józefów, Poland, 13 Julai 1942, Meja Trapp aliwaambia askari wake wa Kijerumani wa Kikosi cha Akiba cha Polisi 101, waliotumwa kuua Wayahudi, kwamba asiyeiweza kazi ile ajitoe. Kati ya watu wapatao 500, kama 12 walijitoa papo hapo, wala hawakuadhibiwa. Siku hiyo waliuawa Wayahudi wapatao 1,500. Shika uwiano huo. Wakataaji wakiwa nusu, umeandika faraja. Wasipokuwepo kabisa, umewapa wengine wote kisingizio kwamba hapakuwa na hiari.

Mchanja_Kuni
Nashukuru sana. Hofu inayobaki: je, haitasomeka kama kuwahukumu Wajerumani kwa damu yao? Hiyo si ndiyo hoja ya Wanazi wenyewe?

Mwl_Shamte
Swali la msingi kabisa. Tenga hatia na dhamana. Mwanafalsafa Hannah Arendt alishikilia kwamba hatia ni ya mtu kwa alilotenda. Ukisema wote wana hatia, umemfichia muuaji. Kinachobebwa kwa pamoja ni dhamana ya kisiasa, kwa sababu dola ilitenda kwa jina la raia wake.

Mwanafalsafa Karl Jaspers, mwaka 1946, aliigawa hatia mara nne: ya jinai, inayohukumiwa na mahakama, ya kisiasa, inayomgusa kila raia hata aliyepinga, ya kimaadili, ambayo hakimu wake ni dhamiri, na ile ya kubaki hai wakati mwenzako anauawa, ambayo ni ya Mungu peke yake. Chora jedwali la wahusika wako na aina hizo nne. Karani ana ya pili na ya tatu. Kama alipendekeza fleti ipi imwagwe watu kwanza, ana ya kwanza pia.

Msomaji wa Kiswahili naye ana mlango wake. Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904, alifundisha Kiswahili chuoni Berlin na kuigiza katika filamu ya kumtukuza Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani wa Afrika Mashariki. Alikamatwa mwaka 1941 kwa uhusiano na mwanamke mzungu, akafia kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Karani wako angeweza kuwa alijifunza Kiswahili kwake, akingojea ajira Tanganyika ikirudishwa kwa Wajerumani. Je, aliwahi kuuliza mwalimu yuko wapi?

Kuhusu mwisho: katika riwaya ya Philip Roth ya 2004, rubani maarufu Lindbergh anashinda urais wa Marekani mwaka 1940, kisha anatoweka na ndege yake na historia inarudi kwenye reli. Majirani walioshangilia hawaulizwi kitu. Usiwafanyie wasomaji wako hivyo. Utawala ukianguka, karani abaki mezani pake: serikali mpya nayo itahitaji mtu wa kugawa fleti, na funguo anazo yeye.