Niliwahi mno mara moja, sasa nitajuaje kama wakati umefika?

Mzee wa Oda:
Wakuu, habari za jioni.

Mwaka 2010 nilifungua tovuti ya kuuza mboga hapa Dar. Mteja anachagua nyanya, hoho, vitunguu. Alfajiri mimi niko Mabibo nanunua, saa sita mzigo uko mlangoni kwake. Mkongo wa intaneti wa SEACOM ulikuwa umefika mwaka mmoja nyuma, M-Pesa ya Vodacom ina miaka miwili, nikaona njia nyeupe.

Niliyemsahau ni mteja. Intaneti alikuwa nayo ofisini, mboga anazitaka nyumbani. Kulipa ni taslimu, tena baada ya kukagua nyanya moja moja huku dereva wa bajaji akinung'unika. Siku moja tulizunguka Tabata dakika arobaini tukitafuta mwembe tulioelekezwa, kumbe ulishakatwa. Miezi saba nikafunga. Leo binti wa jirani anauza vitu vilevile kwa stetasi ya WhatsApp, na bodaboda wake anatumiwa lokesheni.

Sasa nataka kuweka chumba cha baridi cha sola pale Ilula, Iringa, muuza nyanya alipie kwa tenga kwa usiku. Nigeria, kampuni ya ColdHubs wanafanya kama hivyo, kwa kreti kwa siku. Fundi nimeshampata. Mke wangu kauliza tu: "Na hii ni ya 2010?" Nikakosa jibu.

Kisauni Baharini:
Ndugu yangu, huku Kenya kabla Safaricom haijazindua M-Pesa 2007, watu walikuwa washaanza kutumiana kredito kama pesa. Haja ilikuwapo, chombo ndicho hakikuwapo. Waulize wauzaji wa Ilula: nyanya ikibaki jioni, leo hii mwaifanyaje? Kama kuna anayehangaika kuihifadhi kwa njia yake, hujawahi mno.

Mama Tenga:
Nijibu mimi, maana nyanya nachukua hukohuko. Ikibaki jioni nashusha bei. Sado ya elfu tano inaondoka kwa elfu tatu, naenda kulala. Nyanya ikitoka kwenye baridi ikakutana na jua inatoka jasho, haichelewi kulainika. Na mteja akiigusa akaona ya baridi anakwambia "hii ya juzi", hata kama imechumwa jana.

Ila hoho na karoti naziweka kwenye friji la muuza soda, namlipa mia tano kwa usiku. Mzigo wa soda ukija, zangu zinatupwa nje. Wiki iliyopita nimezikuta kwenye ndoo, zimesinyaa kama masikio ya mbuzi. Tumegombana, kesho yake nikarudi kwake palepale. Niende wapi?

Hesabu Kwanza:
Mkuu usikasirike, lakini "niliwahi mno" huwa inauma kidogo kuliko "nilikosea hesabu". Webvan ya Marekani ilianza 1996 na wazo kama lako, ikajenga maghala makubwa kabla wateja hawajatosha, ikafilisika Julai 2001. Watu husema intaneti ilikuwa bado. Sawa, ila yale maghala hayakujengwa na intaneti. Instacart walipokuja 2012 walianza kwa kutuma watu wakanunue kwenye maduka yaliyopo.

Wewe 2010 ulitumia kiasi gani kabla ya oda ya kumi?

Mzee wa Oda:
@Hesabu Kwanza, umenishika pabaya. Milioni nne na nusu, karibu yote kwenye tovuti na kompyuta mbili. Oda ya kumi ilikuja mwezi wa pili, na kati ya hizo kumi sita ni za mashemeji.

@Mama Tenga, shikamoo kama ni mkubwa kwangu. Hilo friji la muuza soda lina ukubwa gani, na mko wangapi mnaoligombania? Fundi nimempigia sasa hivi, nimemwambia asinunue chochote mpaka nifike hapo sokoni kwako na friji moja la mtumba. Nyanya sigusi.

Mama Tenga:
Marahaba. Tuko saba. Njoo na kufuli.