Shahada ya Uhusiano wa Kimataifa: inalipa, au tunadanganyana?

Mtoa mada
Wakuu, kila msimu wa udahili wazazi wanaulizia "kozi ya ubalozi" kana kwamba mtoto akimaliza anakabidhiwa pasi ya kidiplomasia. Hoja yangu: vyuo vipunguze nafasi za kozi hii.

Chuo cha Diplomasia pale Kurasini kilianza mwaka 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji. Wakati ule kazi ilikuwepo, wizara changa zilihitaji maofisa. Leo balozi zetu ni arobaini na ushei tu, na kiti cha balozi chenyewe ni uteuzi wa Rais. Mara ngapi tumeona jenerali mstaafu au mwanasiasa akipelekwa? Huku chini, Afisa Mambo ya Nje anagombea usaili wa Sekretarieti ya Ajira na umati wa wenzake. Akipata, hela ya maana huonekana akipangiwa kituo nje, kwa posho. Kabla ya hapo anapanda daladala kama sisi.

Mchangiaji, Arusha
Mkuu, unaipima kozi kwa wizara moja. Hapa Arusha kuna makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, na masalia ya mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyofungwa mwaka 2015. Mishahara ya Jumuiya huwezi kuilinganisha na ya halmashauri.

Mtoa mada
Sawa, lakini malizia hiyo habari. Jumuiya inaajiri kwa mgao wa nchi, na nchi sasa ni nane tangu Somalia ilipojiunga mwaka 2024. Mkataba wa ofisa ni miaka mitano, unaongezwa mara moja, kisha unaaga. Na matangazo mengi yanataka uzoefu wa miaka kadhaa. Kijana wa miaka 23 ataupata wapi? Umoja wa Mataifa nao, mafunzo kwa vitendo ya Sekretarieti yake hayalipwi. Nani atakulipia chumba Nairobi?

Mchangiaji, Dar es Salaam
Nyote mnabishania kuta za ofisi. Mimi nimesoma kozi hiyohiyo na niko kwenye forodha. Baada ya shahada nilichukua cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki, kile kinachotolewa kwa ushirikiano na TRA. Wenzangu walinicheka, ati msomi wa diplomasia anakimbizana na makontena.

Sasa angalieni kazi yenyewe. Mzigo unashuka bandarini Dar, unakwenda Lubumbashi au Kigali. Mteja anauliza kwa nini bidhaa ya nchi mwanachama imetozwa ushuru kamili. Jibu liko kwenye kanuni za uasili wa bidhaa, yaani zinazoamua bidhaa ihesabiwe ya nchi gani, na zile za Jumuiya si zile za SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Kongo iko kwenye zote mbili! Darasani tuliita hiyo "utangamano wa kikanda" tukajibu mtihani. Hapa kuisoma vibaya kunamgharimu mfanyabiashara pesa halisi, na anayeisoma vizuri anatafutwa kwa simu usiku. Ongeza Kifaransa cha kuongea na wateja wa Kongo, hapo unapanga bei mwenyewe.

Mchangiaji, Dodoma
Mimi nilikuwa kwenye mradi wa afya uliofadhiliwa na Wamarekani. Januari 2025 misaada ikasimamishwa, tukarudi nyumbani na mabegi. Njia ya mashirika ya misaada, ambayo imebeba wahitimu wengi wa kozi hii, imebana sana. Vijana waambiwe hilo kabla ya kujaza fomu ya mkopo.

Mtoa mada
Ndugu wa Dar ananipa nguvu, ingawa hakukusudia. Kilichomlisha ni kile cheti na Kifaransa. Basi kwa nini asisome forodha moja kwa moja, ada ya miaka mitatu ikabaki?

Mchangiaji, Dar es Salaam
Kwa sababu wenye cheti tupu ni wengi pale bandarini, mkuu. Wanajaza fomu vizuri sana. Mteja akitaka barua ya kupinga tathmini ya ushuru, yenye vifungu vya mkataba, wananiletea mimi. Usipunguze nafasi, badilisha mtaala: somo la forodha na lugha ya pili viwe vya lazima kuanzia mwaka wa kwanza.

Mchangiaji, Arusha
Nani atalifundisha hilo somo, wahadhiri ambao hawajawahi kufika bandarini?