Dogo ana miaka 13 anatengeneza sistimu, kuna kampuni inataka kumwajiri. Sheria inasemaje?

Mjomba_wa_Nyegezi:
Wakuu habari zenu. Nina mpwa wangu yuko kidato cha pili shule ya kutwa hapa Mwanza, atafikisha 14 mwezi wa kumi. Dogo kichwa kweli, siongei kwa sababu ni damu yangu. Mama yake ana duka la dawa na miaka yote alikuwa anaandika kwenye kaunta buku, dawa zinaexpaya kabatini hajui. Dogo akakaa na laptopu yangu ya zamani, hiyo ambayo batani ya M imeng'oka anabonyeza kile kiraba cha chini, akatengeneza sistimu inayorekodi mzigo na inamtumia mama yake SMS dawa ikibakiza miezi mitatu. Sasa maduka mengine mawili ya jirani nayo yameomba, na juzi kuna jamaa wa kampuni moja ya sistimu wamekuja nyumbani wanasema wanamtaka, posho laki mbili na nusu kwa mwezi, aingie saa 11 jioni akitoka shule mpaka saa 4 usiku, mkataba unaitwa "wa mafunzo" na mzazi ndiye anasaini. Dada kashafurahi anataka kusaini. Mimi roho inasita. Ni halali kweli hii? Na isipokuwa halali si tutakuwa tunamzibia mtoto riziki?

Kaunta_Kuu:
Mjomba acha roho mbaya 😂 watoto wa miaka 9 wanauza karanga na mayai stendi usiku wa manane hakuna anayeuliza sheria, leo mtoto amepata kazi ya kukaa kwenye kiyoyozi ndio mnakumbuka sheria? Wenzetu huko nje mtoto kama huyo anachukuliwa mapema anakuwa bilionea.

wakili_wa_mtaa:
Kaunta Kuu, hao wa karanga nao sheria inawakataza, tatizo hakuna anayeisimamia, isiwe sababu ya kumwongeza mwingine.

Mjomba sikiliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 5, inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Hakuna mahali imesema "isipokuwa akiwa na akili nyingi". Akifika 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru na isiyomharibia shule. Halafu Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, na usiku kwa maana yao ni kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Kwa hiyo hata wakisubiri mwezi wa kumi ile ratiba yao ya saa 4 usiku haipiti. Kuuita "mafunzo" hakusaidii, wataangalia anachofanya, kama anapangiwa saa na anapewa kazi za wateja hiyo ni ajira. Na saini ya mama haiwezi kumwongezea mtoto umri.

Kuna watu watakuambia mbona watoto wanaigiza kwenye filamu. Ule mkataba wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) namba 138 wa 1973, ambao Tanzania tuliuridhia 1998, unaruhusu vibali maalumu kwa watoto kwenye maonyesho ya sanaa. Kompyuta haimo, 1973 nani alikuwa anawaza kwamba mtoto atakaa chumbani kwake atengeneze kitu cha kuuza.

Mimi kinachonitisha zaidi siyo umri. Niambie huo mkataba umeandika nini kuhusu umiliki wa hicho alichotengeneza.

Bongo_Mpaka_Texas:
Hiyo ya "huko nje anachukuliwa mapema" ngoja niiweke sawa maana niko huku. Yule Kairan Quazi mnayemwona kwenye klipu, aliyeajiriwa na kampuni ya roketi ya SpaceX 2023, alikuwa na miaka 14 na alikuwa anamaliza digrii Santa Clara University. 14 ndio umri wa chini wa kazi nyingi zisizo za shamba kwa sheria ya Marekani ya tangu 1938, kwa hiyo hakuna aliyepindisha kitu. Na bado mwaka huohuo LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi, wakamfungia akaunti kwa sababu kwao umri wa chini ni 16, kijana ana kazi ya roketi ila haruhusiwi kuitangaza, alilalamika sana. Na angekuwa bado yuko sekondari asingefanya kazi zaidi ya saa 3 siku ya shule wala kupita saa 1 usiku.

Ila mfano mzuri kwa mpwa wako ni yule mtoto wa Finland, Jani, miaka 10, 2016 aligundua tundu kwenye Instagram ambalo mtu angeweza kufuta komenti za watu. Facebook, wenye Instagram, hawakumwajiri, walimpa zawadi dola 10,000. Mwenyewe hata akaunti ya Instagram alikuwa haruhusiwi kuwa nayo kwa umri wake 😅 hela akasema atanunua baiskeli. Ameuza alichokigundua, akarudi shule.

Mjomba_wa_Nyegezi:
@wakili_wa_mtaa nimeenda kwa dada nikausoma vizuri. Ukurasa wa tatu: "Kazi zote atakazotengeneza Mwanafunzi, pamoja na zile alizokwishatengeneza kabla ya mkataba huu, zitakuwa mali ya Kampuni." Dada alikuwa hajafika huko, alisoma ukurasa wa kwanza wenye hela.

wakili_wa_mtaa:
Ndio hapo sasa. Hawamtaki dogo, wanaitaka sistimu, na wanainunua kwa laki mbili na nusu. Msisaini.

fundi_sistimu:
Mkuu mimi nipo kwenye hii kazi na nimeshaona jamaa yangu akilia kwa kipengele kama hicho, alikuwa chuo, mtu mzima kabisa, sembuse mtoto. Nikuambie kitu ambacho watu hawakijui, programu ya kompyuta inalindwa na sheria ya hakimiliki ya 1999 na mwenye haki ni aliyeiandika, hata awe na miaka 13. Ila ukishaingia ajira, unachotengeneza kazini kwa kawaida ni cha mwajiri. Kwa hiyo kumwajiri dogo ndio njia mbaya kuliko zote kwake. Angalia Nick D'Aloisio wa Uingereza, apu yake Summly ilipata wawekezaji akiwa na miaka 15, akiwa na 17 mwaka 2013 Yahoo wakainunua, magazeti yakasema kama dola milioni 30. Angekuwa ameajiriwa sehemu tangu mwanzo hizo milioni zingekuwa za bosi.

Ninachoshauri: mama na hayo maduka mawili walipie leseni, yaani ruhusa ya kuitumia, kwa mwezi, mzazi ndiye muuzaji kwenye karatasi, ila iandikwe wazi kwamba mtengenezaji na mwenye hakimiliki ni mtoto. Hata Google Play wanataka mwenye akaunti awe na miaka 18, kwa hiyo akitaka kuiweka simuni jina litakuwa la mama au lako. Hela iingie akaunti ya mtoto benki, siyo M-Pesa ya mjomba 😂

Mkisumu254:
Huku kwetu Kenya Sheria ya Ajira ya 2007 inaanzia miaka 13, lakini 13 hadi 16 ni kazi nyepesi peke yake, kwa hivyo msidhani kuvuka Namanga kutawasaidia. Kitu ningewashauri ni mashindano. Wale wasichana watano wa Kisumu Girls walitengeneza i-Cut ya kupambana na ukeketaji, 2017 wakaenda hadi California kwa fainali za Technovation, mashindano ya wasichana ya kutengeneza apu. Hakuna aliyewaandika kazi, walikuwa na mwalimu wa kuwashika mkono, na walirudi darasani. Ya pesa, huku kuna M-PESA Go ya watoto wa 10 hadi 17, mzazi anaona kila kitu.

MamaNeema:
Nyote mnaongea hakimiliki, kuna aliyeuliza mtoto analala saa ngapi? Yuko kidato cha pili, kuna mtihani wa taifa mwisho wa mwaka na ukifeli unarudia darasa. Atoke shule, akae kwa watu mpaka saa 4, daladala ya kurudi, homuweki saa ngapi. Na huko ofisini atakaa na nani usiku, mtoto wa miaka 13 peke yake na watu wazima ambao jana hamkuwa mnawajua.

Kaunta_Kuu:
Hapo kwa MamaNeema nimekaa kimya.

Mjomba_wa_Nyegezi:
Wakuu nimewaelewa. Dada bado anaumwa na ile laki mbili na nusu lakini nimemsomea ukurasa wa tatu mara mbili. Dogo mwenyewe nimemuuliza, kasema kazi hataki, anataka laptopu yenye batani zote. Hayo maduka mawili yako tayari kulipa elfu 20 kila moja kwa mwezi. Nani ana sampuli ya mkataba wa leseni kwa Kiswahili, wenye maduka hawataki karatasi ya Kiingereza.

fundi_sistimu:
Ninayo, njoo PM. Na mwambie dogo aweke kopi ya kazi yake sehemu mbili leo hii, hiyo laptopu ya kubonyeza kiraba haina siku nyingi.