Tupeane uzoefu: siku ya kwanza kuingia uwanjani na farasi ukapewa alama

Mama Zaituni, Njoro
Wadau, hamjambo. Najua humu wafugaji wa ng'ombe wametuzidi, lakini wapanda farasi wawili watatu hatukosi. Nianze mimi.

Nina miaka 43, kazi yangu ni kuweka hesabu za watu mjini Nakuru, na farasi nilimpanda ukubwani. Zaituni alikuwa wa mbio kule Ngong. Mbio zilipomshinda nikamchukua. Sasa kumfundisha farasi wa mbio dresaji, yaani kwenda kwa miondoko iliyopangwa mbele ya mwamuzi, ni kama kumpa dereva wa matatu kazi ya kubeba maharusi. Maisha yake yote ameambiwa neno moja tu, haraka. Leo unamtaka atembee kwa mpango, aende matiti (ule mwendo wa kukimbia polepole) bila kukuvuta mikono, azunguke duara la mita 20 lisigeuke yai.

Mazoezi tulifanyia nyuma ya mahindi. Kiwanja mita 20 kwa 40, na herufi za pembeni, za kumwonyesha mpandaji pa kugeukia, nimezipaka rangi kwenye madebe ya mafuta ya kupikia. Mpangilio wake ni A, K, E, H, C, M, B, F, na anayejua ni kwa nini aniambie. Mimi nilijitungia: Asha Kaenda Eldoret, Huko Chai, Mandazi, Boga, Futari. X iko katikati kabisa na haina debe, unaikisia tu.

Mashindano yalikuwa Gilgil. Kengele ikilia una sekunde 45 uwe umeingia. Nikaingia pale A, moja kwa moja hadi X, nikamsimamisha. Unashika hatamu kwa mkono wa kushoto, wa kulia unaushusha, unamwinamia kichwa mwamuzi aliyeketi C. Zaituni alisimama tuli, miguu minne sawasawa, jambo ambalo nyumbani alikuwa halifanyi mara mbili kwa wiki. Nikashangaa mpaka nikasahau kupumua. Huyu mnyama nzi akimtua mgongoni anatikisa ngozi, sembuse mtu mzima aliyekakamaa juu yake! Nilipogusa tu aondoke, akafyatuka kana kwamba lango la mbio limefunguliwa. Yaliyofuata sitayasimulia yote. Duara lilikuwa yai. Kanta, yaani mwendo wa kasi kupita matiti, tuliianza kwa mguu usio wake, mara mbili.

Kila kipande kinapewa alama kuanzia 0 hadi 10. Zangu zilikuwa 5 na 6 kwa wingi, 4 za kanta, na 7 moja ya kutembea kwa hatamu ndefu. Jumla asilimia 56. Mwishoni mwa karatasi ya alama mwamuzi aliandika kwamba mpanda farasi anazuia pumzi. Wiki nzima nilikuwa na hasira. Kutoka C hadi X ni mita 20, pumzi yangu aliionaje? Mwishowe nikamwomba saisi wangu, mtunza farasi, asimame kwenye debe la C aniangalie. Akacheka. "Mama, hata mimi naiona. Mabega yanapanda kama umejitwika maji."

Siku hizi kwenye mazoezi naimba, maana ukiimba huwezi kuzuia pumzi. Uwanjani sauti inakukatisha alama, kwa hivyo huko naimba kimoyomoyo. Haya, nani anafuata?

Kijana wa Kitale
Dada, afadhali wewe. Mimi nilifika C nikatakiwa kukata kulia kuelekea M. Nikakata kushoto. Kengele ikalia, nikadhani nimemaliza mapema, nikatoa kofia kushukuru. Watu walicheka mpaka farasi akageuka kuwatazama. Nilirudishwa nilipopotelea, nikapunguziwa alama 2, nikaendelea masikio yakiwa moto. Hiyo ya Asha ningeijua wakati huo!

Jirani wa Ziwa, Kisumu
Swali la mshamba: hiyo dresaji si ndiyo farasi kucheza ngoma? Na mshindi anapata nini?

Mama Zaituni, Njoro
Kaka, wale wa juu ukiwatazama utaapa wanacheza. Sisi wa chini tunajifunza kunyoosha mstari. Mshindi anapata utepe, na nyumbani anakuta deni la nyasi liko palepale.

Mwalimu, Molo
Mimi polio ilinipitia nikiwa mdogo, mguu wa kushoto hauna nguvu. Nilipoambiwa dresaji inategemea miguu ya mpandaji nilitaka kurudi nyumbani. Kisha nikasoma habari za Lis Hartel wa Denmark. Olimpiki ya Helsinki, 1952, ndiyo ya kwanza wanawake kuruhusiwa katika dresaji. Huyo mama polio ilikuwa imemlemaza miguu kuanzia magotini, anapandishwa na kushushwa, na alipata medali ya fedha. Mwaka 1956 akapata nyingine. Mimi nilipata asilimia 51 na nilikuwa wa mwisho. Karatasi iko sebuleni, kando ya picha ya harusi. Mke wangu ameshazoea.

Saisi Mstaafu, Gilgil
Mimi si mpandaji, lakini mashindano nimeyaona mengi kuliko ninyi. Siku moja ya masika mambo yalichelewa, jua linashuka, na zawadi hazijatolewa. Farasi wangu ameshinda na tajiri anamtaka kwenye picha. Lakini jioni ndiyo saa ya visubi, wale wadudu wadogo wanaouma, na visubi ndio waletao ule ugonjwa wa farasi unaoua. Chanjo ipo, ila mimi chanjo haikunifanya nisahau kumrudisha bandani mapema. Nikamwondoa. Utepe ulitolewa, farasi hayupo. Nilitukanwa mbele ya wageni, nikanyamaza, nikaendelea kumfungua misuko ya shingoni. Misuko ile nilikuwa nimeisuka tangu saa kumi alfajiri kwa taa ya simu, na hakuna mwamuzi anayeipa alama.

Mama Zaituni, nikuulize. Karatasi yako ulimsomea saisi wako?

Mama Zaituni, Njoro
Mzee, shikamoo. Umenipata. Nilimwonyesha pale pa pumzi tu, kwa sababu nilikuwa nalalamika.

Leo jioni wakati wa kulisha nimemsomea yote, mstari kwa mstari. Aliniuliza ile ya kusimama pale X ilikuwa ngapi. Nikamwambia 6. Akasema hiyo ni yake, yeye ndiye aliyemzoesha Zaituni kusimama tuli kila asubuhi akimpiga brashi. Kisha akachukua chaki akaandika 6 kubwa kwenye mlango wa banda. Sijaifuta.