Mamografia imeona chembe za chokaa, mkono hauhisi kitu: kinyama kitachukuliwaje?

Nesi_wa_Wete:
Assalamu alaykum. Kuna mama wa miaka 51 hapa Pemba kaja na ripoti ya mamografia (eksirei ya ziwa): chembe za chokaa zimejikusanya pamoja, ziwa la kushoto, juu kuelekea kwapani, BI-RADS 4B (daraja la kushuku saratani kwenye kipimo cha madaktari wa picha). Kwa mkono hapapasiki kitu, altrasaundi nayo safi. Kaambiwa akatolewe kinyama, yaani kipande kidogo cha ziwa kikapimwe maabara. Wakwe zake wanamwambia sindano hutawanya saratani, na altrasaundi ikiwa safi yatosha. Nimweleze nini, na tuulize nini kabla hajapanda boti?

Fundi_Picha:
Waalaykum salaam, dada. Altrasaundi safi haifuti 4B. Chembe hizo nyingi hazifiki nusu milimita na altrasaundi mara nyingi haizioni. 4B ni uwezekano wa saratani wa asilimia 10 hadi 50, kwa hiyo huenda akawa salama, ila picha peke yake haiwezi kusema. Kinachoogopwa hapa ni saratani iliyo bado ndani ya mirija ya maziwa, haijatoboa ukuta. Ukiikamata hapo, tiba yake ni nyepesi mno kuliko ya uvimbe unaoshikika.

Pigeni simu kwanza muulize: je, pana mamografia inayoelekeza sindano? Ziwa hubanwa, hupigwa picha mbili za pembe tofauti, kompyuta ikapata kina. Hutiwa ganzi, ngozi hukatwa milimita chache, kisha sindano nene ya kufyonza hutoa vipande kadhaa bila kuchomolewa kila mara. Kama mashine hiyo haipo, njia nyingine ni kuingizwa waya mwembamba hadi penye chembe, akaenda moja kwa moja kwa mpasuaji aufuate.

Kwa vyovyote vile, vipande vipigwe eksirei hapo hapo. Chokaa isipoonekana ndani yake, sindano imekosa shabaha. Vilevile iachwe alama ndogo ya chuma ndani ya ziwa, kwani chembe zote zikitoka, mpasuaji wa baadaye hatapajua mahali.

Siku hiyo asipake deodoranti wala poda. Huonekana kwenye picha kama chokaa. Akiwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda aseme mapema, asiiache kwa hiari yake.

Maabara_Unguja:
Naongeza la sindano nyembamba, ile ya kuvuta seli. Asikubali hiyo peke yake kwa kesi hii: hutoa seli zilizotawanyika, haiwezi kuonyesha kama saratani imetoka nje ya mirija.

Hofu ya wakwe ijibiwe kwa upole. Seli chache huweza kusukumwa kwenye njia ya sindano, nyingi hufa, na saratani kuota njiani hapo ni nadra sana. Kinachodhuru ni kungoja.

Sasa kopo la kubebea kinyama. Fomalini (dawa ya kuhifadhi kinyama) ya asilimia 10, angalau mara kumi ya ujazo wa kinyama, si maji ya chumvi wala spiriti. Kiingie ndani ya saa moja na saa iandikwe, pamoja na jina, upande na mahali pa ziwa. Kisigandishwe. Kikae kwenye fomalini saa 6 hadi 72. Nje ya hapo vipimo vya vipokezi vya homoni na vya HER2 (protini kwenye seli za saratani) huweza kudanganya, na hivyo ndivyo vinavyochagua dawa. Kinyama kikitolewa Pemba Alkhamisi jioni, halafu kusi likazuia boti, saa 72 zinakwisha kopo likiwa bado bandarini. Bora kitolewe Jumatatu.

Nesi_wa_Wete:
Ahsanteni sana. Majibu yakirudi "hakuna saratani", tumalize?

Fundi_Picha:
Bado. Ripoti ya maabara itaje kwamba chokaa imeonekana na imetokana na nini, kisha daktari wa picha ailinganishe na mamografia. Zikipingana, kinyama kirudiwe au sehemu ile itolewe kwa upasuaji. Ikitajwa "seli zisizo za kawaida" ndani ya mirija, mara nyingi hupasuliwa pia, maana pembeni huenda pana saratani ambayo sindano haikuigusa. Na mamografia ya zamani kama anayo, asafiri nayo.