Mrejesho: kingamwili baada ya Korona nyepesi

Wadau, asanteni sana. Niliuliza kwa nini kipimo cha haraka cha kingamwili, cha damu ya kidole, kilisoma hasi baada ya Korona iliyoishia mafua tu. Nilifuata ushauri: nikangoja wiki 4, nikatolewa damu ya mshipa kwenye maabara hapa Nairobi, kupima IgG (kingamwili zinazobaki baada ya maambukizi au chanjo) ya protini mbili za kirusi: S (ya miiba ya nje) na N (ya ndani). Zote chanya. S haikusema kitu, maana chanjo ya AstraZeneca niliyochanjwa nayo huipandisha. N ndiyo shahidi kwamba niliugua, maana chanjo hiyo haina N. (Waliochanjwa Sinopharm wasiitegemee N, chanjo yao ina kirusi kizima kilichouawa, hivyo nayo huweza kuipandisha N.)

Nilipoharibu: mwezi wa 8 tangu niugue nilipima maabara nyingine. S ikaja bila BAU/mL (kizio cha pamoja cha kupimia kingamwili), hivyo hailinganishiki na ya kwanza. N hasi, lakini hiyo hushuka mapema, na seli za kumbukumbu (seli za kinga zinazokikumbuka kirusi) hazionekani kwenye kipimo hiki.